Balozi Kirk na Maua ya Mkebeni

Jina la Sir John Kirk si geni kwa mwanafunzi yeyote aliyesoma historia ya Afrika ya Mashariki. Huyu ndiye balozi wa Uingereza aliyemshurutisha Sultani Barghash bin Said kutia sahihi mkataba wa tarehe 5 Juni 1873, uliofunga soko la watumwa la Unguja na kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa njia ya bahari. Mwalimu huandika tarehe ubaoni, mwanafunzi huinakili, mtihani huiuliza, kisha Kirk hurudishwa daftarini hadi mwaka unaofuata. Makala haya yanakusudia kumtoa humo kwa mlango wa bustani. Kabla hajawa balozi, mtu huyu alikuwa mjuzi wa mimea, na mapenzi hayo hayakumtoka katika miaka yote aliyokaa Unguja.

Kilichonikumbusha habari zake ni mikebe miwili ya rangi. Miaka michache iliyopita mwanafunzi wetu mmoja anayetoka upande wa Ndhiwa, katika Kaunti ya Homa Bay, alileta shuleni matunguu mawili aliyoyaokota nyuma ya plau ya ng'ombe, kila moja kubwa kuliko ngumi ya mtu mzima. Yalikuwa ya yungiyungi la nyikani, lile lenye maua meupe yaliyopigwa mstari mwekundu katikati ya kila petali. Watu wazima waliokuwapo waliyaita vitunguu vya mwitu na kushauri yatupwe. Sisi tukalipanda moja katika mkebe, tukauweka mbele ya ofisi, na kama ilivyo desturi ya shule zetu tukaandika zamu ya kumwagilia maji asubuhi na jioni. La pili lilipandwa vivyo hivyo, lakini kwa kukosa nafasi likawekwa nyuma ya ghala, na hakuna aliyelikumbuka.

Zamu ilifuatwa kwa uaminifu ambao ningependa kuuona katika kazi za ziada za hesabu. Hata likizo ya Desemba mlinzi aliachiwa maagizo. Kufika Februari majani ya tunguu la ofisini yalikuwa yamegeuka manjano, na nilipoligusa shingo likanibaki mkononi, laini, likinuka. Lile la nyuma ya ghala lilikuwa limenyauka majani yote na udongo wake umepasuka kwa ukame. Mvua za Machi ziliponyesha, katika juma la pili, likatoa bua nene lisilo na jani hata moja, na juu ya bua maua yaliyofunguka magharibi na kunukia hadi madarasa ya jirani. Wanafunzi wakaniuliza swali ambalo nilistahili kuulizwa: mbona lililotunzwa limekufa, na lililosahauliwa limechanua?

Jibu lake nimelikuta katika maisha ya Kirk zaidi ya vitabu vya kiada. Kwa hiyo, ndugu msomaji, niwie radhi nianze mbali.

John Kirk alizaliwa tarehe 19 Desemba 1832 katika kijiji cha Barry, pwani ya mashariki ya Uskoti, baba yake akiwa mchungaji wa kanisa. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Edinburgh na kuhitimu mwaka 1854. Enzi hizo daktari hakuweza kuhitimu bila kuijua mimea, kwa kuwa dawa nyingi zilitoka humo. Wenzake wengi waliisoma kwa ajili ya mtihani tu, yeye akaisoma kwa kuipenda. Wakati wa Vita vya Krimea alihudumu katika hospitali ya Waingereza nchini Uturuki, na saa za mapumziko alizitumia vilimani akikusanya maua.

Mwaka 1858 alichaguliwa kufuatana na David Livingstone katika msafara wa mto Zambezi, akiwa daktari na mtaalamu wa mimea. Msafara ule haukuwa na furaha. Homa iliwaandama, wakubwa waligombana, na njia ya mto waliyoitarajia ikazibwa na maporomoko. Mwaka 1860, katika maporomoko ya Kebrabasa, mtumbwi wa Kirk ulipigwa na mkondo na kupinduka. Yeye aliponea chupuchupu. Madaftari, vyombo na michoro ya mimea aliyoichora kwa mkono wake vikachukuliwa na maji. Ni nani kati yetu aliyewahi kupoteza hata daftari moja la maandalizi ya masomo asiyeelewa uchungu huo? Alirudi kwao mwaka 1863, mgonjwa.

Mwaka 1866 akaja Unguja kuwa daktari wa ubalozi wa Uingereza. Akapanda cheo hatua kwa hatua: akakaimu ubalozi tangu mwaka 1870, kisha akawa balozi kamili, na kwa muda wa miaka mingi hapakuwa na Mzungu aliyesikilizwa zaidi yake katika baraza la Sultani. Ugomvi wake na Henry Morton Stanley, aliyemlaumu kwa kumtelekeza Livingstone bara, umeandikwa vya kutosha na sina haja ya kuurudia. Mkataba wa 1873 nao wanafunzi wanaujua. Linalofaa kuongezwa ni kwamba Barghash alitia sahihi chini ya tishio la manowari kukizingira kisiwa chake. Kwa hiyo anayemsifu Kirk kwa kufunga soko hana budi kukumbuka pia ni kwa nguvu gani alilifunga, na nguvu hiyo hiyo ilifanya nini baadaye.

Tuingie sasa bustanini. Nje kidogo ya Mji Mkongwe, huko Mbweni, Kirk alikuwa na shamba alilolifanya uwanja wa majaribio. Alipokea miche na mbegu kutoka Bustani ya Kifalme ya Kew, karibu na London, naye akawapelekea watu wa Kew mimea ya pwani yetu. Mfereji wa Suez ulikuwa umefunguliwa mwaka 1869, na tangu 1872 meli za barua za British India zilikuwa zikija kutoka Aden kila mwezi. Hapo awali mmea ulioondoka Unguja ulilizunguka Rasi ya Tumaini Jema na kufika umekauka au umeoza. Sasa safari ilikuwa ya majuma machache.

Kazi zake za mimea hazikuwa mchezo wa mstaafu. Wafanyabiashara wa Ulaya walinunua sandarusi ya Unguja kwa kutengenezea vanishi, na ile ya thamani kubwa ilichimbwa ardhini mahali pasipo na mti. Kirk alionyesha kwamba ile iliyochimbwa ilitokana na mti ule ule wa msandarusi unaomea pwani hadi leo. Aliwatangazia pia juu ya mtambaa wa mpira wa misitu ya pwani, ambao wataalamu waliupa jina lake, Landolphia kirkii. Hali kadhalika kuna digidigi wa Kirk, na kima punju wa msitu wa Jozani, ambaye kwa Kilatini naye anaitwa kwa jina la balozi huyo.

Hata hivyo, vitu vilivyoenea duniani kwa mkono wake ni vile vilivyosafiri vikiwa hai. Kuna ua dogo la rangi ya waridi, lenye shina la majimaji, ambalo leo hupandwa katika vyungu barazani kuanzia Nairobi hadi Chicago. Kirk alilipeleka Kew kutoka Unguja, likachanua huko, na mwaka 1882 Joseph Hooker, mkuu wa bustani ile, akaliita Impatiens sultani kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Baadaye iligunduliwa kwamba ua lile lile lilikuwa limeshapewa jina mwaka 1868, kwa heshima ya mmisionari Horace Waller, rafiki wa Kirk tangu enzi za Zambezi. Kwa sheria ya wataalamu jina la kwanza hushinda, na hivyo Sultani aliyenyang'anywa mengi akanyang'anywa na ua pia.

Tena kuna yungiyungi letu. Kirk alipeleka Kew matunguu kutoka Unguja, yakapandwa katika nyumba ya vioo yenye joto, yakachanua. John Gilbert Baker, bingwa wa jamii za mayungiyungi katika bustani ile, akayaeleza mwaka 1880 na kuyaita Crinum kirkii. Picha yake ya rangi ilichapishwa mwaka huo huo: maua meupe yenye mstari mwekundu, juu ya bua nene. Nilipoiona mara ya kwanza nilidhani mtu amekuja kuuchora mkebe wa nyuma ya ghala.

Tunguu husafiri kwa wepesi kuliko mche, na hapa ndipo swali la wanafunzi wangu linapojibiwa. Tunguu ni shina fupi lililovikwa majani manene yaliyojaa chakula na maji. Mmea uliolijenga unajua kwamba mvua zitakatika, kwa hiyo hujiwekea akiba, huyaacha majani yake yafe, na kulala. Ukilichimba wakati huo ukalifunga katika kitambaa kikavu, linaweza kuvuka bahari bila kudhurika. Lakini ukilimwagilia maji lingali limelala, mizizi haiyanywi, udongo hupoa na kunuka, na ukungu huingia shingoni. Maji tuliyolipa tunguu la ofisini kwa moyo safi ndiyo yaliyoliozesha.

Watunza bustani wa Ulaya walijifunza jambo hili kwa matunguu ya Rasi, kusini mwa Afrika, ambayo yamepandwa kwao katika vyungu kwa karne kadhaa. Yako yale yaitwayo Nerine, na lile la waridi liitwalo Amaryllis belladonna. Hayo huchanua Septemba na Oktoba, majira ambayo kamusi zetu huyaita vuli, na mengi hutoa ua kabla ya jani. Baadhi yake hayastahimili jalidi, kwa hiyo hulazwa chini ya vioo. Anayetaka yachanue huyanyima maji kiangazi kizima, huacha chungu kichomwe na jua, kisha huanza kumwagilia pale joto linapopungua. Ajabu ni kwamba neno vuli, kwetu, ni mvua za Oktoba hadi Desemba. Mwingereza anapoitazama kalenda, tunguu linalisubiri badiliko la maji baada ya usingizi.

Kuna kisa kingine cha Kirk ambacho walimu wa biolojia wangepaswa kukisimulia kila mwaka. Mwaka 1884 alituma Kew mmea mdogo wa majani ya manyoya na maua ya zambarau, kutoka bara ya Afrika ya Mashariki. Miaka mitatu baadaye W. E. Taylor, yule mmisionari wa Mombasa aliyekusanya methali za Waswahili, akatuma mwingine. Yote miwili ilikuwa imekaushwa na kubanwa katika karatasi, tena bila matunda, na wataalamu hawakuweza kuamua ni wa jamii gani. Ikakaa kabatini. Mwaka 1892 ofisa Mjerumani wa Tanga, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, aliutuma kwao mmea huo huo kwa namna uliyoweza kuoteshwa. Ukachanua katika chungu, na mwaka 1893 Hermann Wendland akauita Saintpaulia. Leo ni miongoni mwa maua ya chunguni yanayouzwa sana duniani, na jina la Kirk halimo. Mtu aliyekuwa hodari wa kupeleka mimea hai alishindwa pale pale alipopeleka mmea mkavu.

Je, sisi hatufanyi hivyo kila muhula? Mwanafunzi wa Rongo au Mbita anajua kuchora kitunguu kilichokatwa katikati, kukiandikia sehemu zake, na kupata alama zote. Hajawahi kuliona tunguu likilala na kuamka. Akiulizwa kwa nini tabaka zile ni nene atajibu kwamba ni kwa kuhifadhi chakula, na jibu ni sahihi. Ila hajui chakula hicho kinangojea nini. Nilikuwa mwalimu kwa muda mrefu bila kujua mimi mwenyewe, na ushahidi ulininukia mkononi.

Nirudi kwa balozi, maana mwisho wake haukuwa mwema. Tangu mwaka 1885 Wajerumani walidai nchi za bara zilizokuwa chini ya himaya ya Sultani, na serikali ya London ikamwamuru Kirk amshauri Barghash anyamaze. Mtu aliyekuwa amemwahidi Sultani ulinzi wa Waingereza akawa ndiye mjumbe wa kuagwa kwake. Kirk aliondoka Unguja mwaka 1886 na kustaafu mwaka uliofuata, na mwaka 1888 Barghash akafariki. Huko kwao Kirk alipewa heshima za wanasayansi na za serikali, akaongoza kamati iliyosimamia ujenzi wa reli ya Uganda. Reli hiyo ilifika ziwani mwezi Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence, ndipo Kisumu ya leo. Kwa njia hiyo mkono wake uligusa Nyanza yetu: kodi, soko la pamba, na meli zilizoanza kutia nanga Homa Bay zilifuata reli ile. Alifariki tarehe 15 Januari 1922 huko Sevenoaks, Uingereza, akiwa na umri wa miaka 89.

Sitaki kumfanya mtakatifu wa bustani. Majina yaliyomo katika vitabu vya mimea ni ya Kirk, Waller na Saint Paul. Mwenye jembe aliyelichimba tunguu, na mpagazi aliyelibeba, hawamo. Bustani ilikuwa mkono mmoja wa dola, na mkono wa pili ulishika manowari. Lakini ni kosa pia kuukataa ujuzi kwa sababu ya aliyeubeba, hasa ujuzi ambao malighafi yake imelala chini ya miguu yetu na inatoweka.

Inatoweka kweli. Katika uwanda wa Lambwe, ndani ya Mbuga ya Taifa ya Ruma, mvua za kwanza bado huamsha maua ya nyikani, kwa sababu mbung'o waliwafukuza wakulima kwa miaka mingi na baadaye, mwaka 1966, serikali ikaitenga sehemu hiyo kuwa hifadhi. Humo hakuna ruhusa ya kuchimba kitu, na haifai kuwe na ruhusa. Nje ya hifadhi mambo ni tofauti. Katika mashamba ya miwa ya Awendo, ya tumbaku kuelekea Kuria, na ya mahindi kote Migori, trekta huligeuza tunguu juani, na mwenye shamba hulitupa kando pamoja na magugu. Simlaumu, ana watoto wa kulisha. Ila tunguu lililotupwa kando ya shamba ni mali ya yeyote atakayeomba, na shule ndiyo inayofaa kuomba.

Kwa mwalimu anayetaka kujaribu, kazi si kubwa. Mkebe wa rangi au debe bovu latosha, mradi litobolewe chini matundu mengi. Udongo wetu mweusi wa mfinyanzi hushika maji mno. Uchanganywe na mchanga wa mto kwa nusu, na samadi iliyooza kidogo. Yungiyungi lipandwe shingo ikiwa nje ya udongo. Lile ua jingine jekundu la mviringo, linalofanana na mpira wa moto na kuchipuka vichakani baada ya mvua, lizikwe hadi shingoni. Mkebe uwe mdogo kwa tunguu, maana likibanwa kidogo huchanua upesi, na lisihamishwe kila mwaka. Maji yatolewe majani yakiwa mabichi. Yakianza kukauka, mkebe uwekwe chini ya paa na zamu ifutwe kabisa, likizo yote, bila huruma, hadi mvua za Machi. Watoto waonywe wasitafune tunguu, na mbuzi wazuiwe: lina sumu ya kutapisha.

Jambo la mwisho la kustaajabisha ni mbegu zake. Si kavu kama za mahindi. Ni nene, za kijani, mfano wa viazi vidogo, na huota hata zikiwekwa juu ya meza bila udongo. Ua la nyuma ya ghala lilitupatia tisa. Tatu tumezibakiza, tatu zimekwenda shule moja ya Migori na tatu shule moja ya Mbita. Kila moja ina jani moja jembamba, na zitachukua miaka mitatu au zaidi kabla ya kuchanua, wakati ambapo wanafunzi waliozipanda watakuwa wamekwisha kuondoka. Wamebandika karatasi kwenye mkebe wetu: aliyelichimba, mahali, tarehe. Jina la kwanza ni la yule mwanafunzi wa Ndhiwa, na chini yake wameandika kwa herufi kubwa kwamba kuanzia Desemba mtu asitie maji.